Mikono Mitupu, Sehemu ya Pili

Chemchemi ya Juu,
Kondoa.
11 Mei 2025

Mwanangu Munira,

Niwie radhi kwa kimya changu cha tangu Februari. Ulinitumia filamu ukaomba maoni yangu, nami nikaona heri ningoje hasira ipoe kabla sijashika kalamu. Haikupoa. Basi naandika nayo.

Najua ungependa nikupigie simu. Simu ni ya kupashana habari za misiba. Maoni ya mtu huandikwa, ili kesho asiyakane.

Nianze na filamu ya kwanza, usije ukadhani anayekuandikia ni mzee anayechukia kila kitu. *Mikono Mitupu* niliitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, katika banda la video la Iddy, kwenye kiti nilichokibeba mwenyewe kwa kuwa mabenchi yake yana misumari. Pembeni yangu alikaa jirani yetu Hasani, amevaa lile koti jeusi analofanyia mazingaombwe shuleni, kana kwamba wale wa kwenye filamu wangemwona na kumsalimu. Mume na mke wanafanya mazingaombwe ukumbini. Kila siku mke anaingia sandukuni, mume anafunga, anafungua, sanduku tupu. Kisha mke anatokea mlangoni, nyuma ya watazamaji. Siku moja hatokei. Mume anafungua, anafunga, anafungua tena. Watu wanapiga makofi wakidhani huo ndio mchezo wenyewe, naye, mikono imemlegea, anainama kuwashukuru. Filamu inaishia hapo. Hasani alilia. Mimi nilifuta miwani. Hatukuambiwa mke alipitia wapi wala alikwenda wapi, na hiyo ndiyo heshima tuliyopewa.

Sasa hii ya pili. Mke amerudi. Kumbe alitoroka na tajiri wa mahoteli, na sasa ana vijana wanne wenye kompyuta ambao kazi yao ni kuiba benki kwa kiinimacho. Kila wakimaliza mchezo mmoja, kijana mwenye uso kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini anatugeukia na kutueleza ulivyofanyika, kwa michoro na mishale. Hata sanduku la filamu ya kwanza wamelieleza: palikuwa na mlango sakafuni. Mlango sakafuni! Ni kama mtu aliyekualika kula, ukashiba ukamshukuru, halafu akakuvuta jikoni kukuonesha matumbo ya kuku. Mume, ambaye ndiye aliyekuwa filamu yenyewe, amepewa dakika chache, amelewa, anachekwa na wahudumu. Muziki unapigwa mpaka mahali pa kunyamaza. Kila mtu akihuzunika mvua inanyesha, kama vile mbingu nazo zimeajiriwa.

Hayo ni makosa ya wenye filamu, nao hawatanisikia. Kosa nisilolisamehe ni la huko Dodoma, katika studio hiyo ya Anyitike ya kutia filamu sauti ya Kiswahili, unakokwenda kusaidia ukitoka kazini kwako Bungeni. Katika filamu ya kwanza Kiswahili chao kilikuwa safi. Walisema "wanamazingaombwe", nikaivulia kofia studio nzima. Katika hii ya pili wanasema "wachawi". "Mchawi mkuu anapanda jukwaani." "Wachawi wanne wameingia benki." Mchawi huroga. Mwanamazingaombwe huyachezea macho ya watu, nao wanajua wanachezewa, wakafurahi. Mtoto wa darasa la nne akiyachanganya maneno hayo nilikuwa nikimpa sifuri na kumsimamisha juani. Huyo mtafsiri wenu ana akili ya kuku: hudonoa neno lililo karibu na mdomo wake, hata likiwa kinyesi. Mfikishie, kwa maneno hayo hayo.

Hasani alitoka bandani kwa Iddy kabla haijaisha. Nilimuuliza kwa jina lake la utani, "Vipi, Profesa?" Akasema, "Mwalimu, leo nimefanywa mchawi, na hata fisi wa kupanda sikupewa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba yako,
Khalidi Ibrahimu


Nkuhungu,
Dodoma.
27 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Barua yako niliipokea kwa kondakta, ikinukia vitunguu. Nimechelewa kujibu kwa kuwa Bunge la bajeti halitupi nafasi. Wabunge wakisema sana, sisi wa kumbukumbu tunaandika sana.

Huyo mtafsiri si mjinga kama unavyodhani. Nilikuwapo siku ile. "Mwanamazingaombwe" liliandikwa kwanza, kama katika filamu ya kwanza. Anyitike, ambaye ndiye sauti, alilijaribu mara tatu kisha akavua vile vya masikioni. "Dada Munira," akasema, "mzungu kafungua mdomo kidogo tu. Mimi nikifika kwenye 'zinga' yeye kashashuka jukwaani. Nikifika kwenye 'ombwe' kashawasha gari kaondoka!" Studio nzima ilicheka. "Mchawi" likaingia mdomoni mwa yule mzungu kama ufunguo katika kufuli lake. Tena kwenye bango "wachawi" linavuta watu.

Kuhusu filamu yenyewe, Baba, hatukubaliani. Mimi nimeipenda hii ya pili. Katika ile ya kwanza nyote mlimlilia mume, na hakuna aliyemuuliza mke swali hata moja. Sasa angalau najua alikuwa akipumua huko chini, na kwamba alikuwa na sababu zake. Kuelezwa si matusi. Wako watu wanaokaa nyumba moja miaka mingi na hawajawahi kuelezwa kitu.

Mzee Hasani mwambie asilichukulie moyoni. Neno ni neno tu, litapita. Ningeandika zaidi lakini masaa yamenikimbia.

Binti yako,
Munira


Chemchemi ya Juu,
Kondoa.
19 Juni 2025

Mwanangu Munira,

Wingi wa saa ni saa. Hukufundishwa "masaa" nyumbani kwangu.

Neno lenu halikupita. Mwishoni mwa mwezi uliopita Hasani alifanya mazingaombwe katika shule ya msingi, kama afanyavyo kila mwaka kabla ya likizo. Miongoni mwa michezo yake ni ule wa kuliza vidole, watoto wa mstari wa mbele wakajifanya wamelala. Kesho yake binti wa Mwantum, huyu jirani yetu muuza maandazi, akaanguka bombani akitetemeka. Hospitalini walimkuta na malaria, wakamtibu, akarudi, na sasa anaruka kamba mbele ya dirisha langu. Lakini katika hiyo filamu yenu yupo kijana anayeliza vidole na mhasibu wa benki analala kama gogo, na sauti ya Anyitike inasema, "Mchawi amemlaza!" Watoto waliunganisha mambo hayo mawili kabla ya wazazi wao, na wazazi wakafuata watoto.

Nilimwita Mwantum kibarazani nimweleze.

"Mwalimu, shikamoo," akasema. "Mimi sijasema lolote. Filamu ndiyo iliyosema."

"Filamu imekosea neno, Mwantum."

"Neno la Kiswahili litakoseaje, Mwalimu, na sote tumelisikia wenyewe?"

Miaka thelathini na minne nimefundisha hapa, na mama huyo alikaa katika darasa langu.

Juma lile lile walianza kurusha mawe juu ya bati la Hasani. Juzi mbuzi wake jike alikutwa amechinjwa, nyama imeachwa palepale, ili ieleweke kwamba aliyechinja hakuwa na njaa. Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji. Nusu ya watu walitaka aondoke kabla ya magharibi. Imeamuliwa hivi: kwa kuwa mazingaombwe yana maelezo na uchawi hauna, Hasani apewe nafasi ya kuieleza michezo yake hadharani, mmoja baada ya mwingine, Jumamosi ya tarehe tano Julai, baada ya sala ya adhuhuri. Akiieleza yote, yeye ni mwanamazingaombwe na aachwe. Akishindwa hata mmoja, ahame. Hoja imenyooka, sioni pa kuivunja.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Huyo mtafsiri ajitokeze. Akiri kwa sauti yake kwamba alikosea neno, Iddy aipige bandani watu wote wasikie. Mwambie kuku wako kwamba wakati wa kudonoa umekwisha, sasa awike.

Baba yako,
Khalidi Ibrahimu


Nkuhungu,
Dodoma.
30 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Kuku ni mimi.

Anyitike ni sauti tu. Maneno yote ni yangu, ya filamu ya kwanza na ya pili. Lile neno lililokufanya uvue kofia mimi ndiye niliyeliandika, na kinyesi pia nilikidonoa mimi. Sikukuambia kwa sababu nilitaka, mara moja tu maishani, usifu kitu kabla hujajua kwamba ni changu. Ulisifu. Nilifurahi kwa sentensi nzima, kisha nikafika sentensi iliyofuata.

Flashi iliyomo katika bahasha hii ina sauti yangu. Nimesema jina langu, nimesema nilikosea neno, nimeeleza tofauti kama ulivyonifundisha. Mpe Iddy aipige. Anyitike ameisikia na amekasirika sana. "Dada, umetuanika uchi," amesema, na sehemu ya tatu ikija ataitafutia mtu mwingine. Sawa.

Lakini nakuomba, Baba, uizuie hiyo Jumamosi. Mzee Hasani hana shamba la maana, hana mke, hana mtoto. Ana zile siri. Mtu wa namna hiyo akishazimwaga mbele ya watu, kesho ataamka ashike nini? Nenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Ibrahimu, mwanafunzi wako wa zamani. Wewe wanakusikiliza. Sema hoja ile haifai, sema ulifikiri upya, sema lolote. Nimemlipa kondakta zaidi ili barua hii iwahi.

Binti yako,
Munira


Chemchemi ya Juu
8 Julai 2025

Kwa mwanangu Munira,

Salamu nyingi sana. Mimi ni Baba yako Mdogo wa ujirani, Hasani. Si mtu wa barua, ila simu yangu ilipata jiwe ikafa. Hii asiione Mwalimu, ataipiga wino mwekundu mpaka na mimi niwe mwekundu.

Sauti yako tuliisikia. Umekuwa mtu mzima, unaongea kama redio. Iddy aliipiga kwa spika kubwa, watu wakatulia. Ilipokwisha Mwantum akasema, "Si huyu binti wa Mwalimu? Na Mwalimu na Profesa si chanda na pete? Mlitaka aseme nini?" Ikaishia hapo.

Jumamosi nilivaa koti. Nikaona kama ni mara ya mwisho basi niwe nimevaa. Nilianza na yai linalotoka sikioni. Nikawaonesha mfuko ulioko ndani ya mkono wa koti, nikawaonesha na yai lenyewe, la mbao, limepakwa chokaa. Nikaeleza kamba inayokatwa ikaungana. Nikaeleza nyembe, kwamba ni butu, na mahali zinapokaa mdomoni. Nikaeleza vidole, kwamba watoto wanalala kwa kuwa wanataka kulala, basi. Hapo mmoja akacheka, halafu wote. Munira, mimi nimechekesha watu tangu baba yako ana nywele nyeusi, vicheko vyote navijua. Hicho sikukijua.

Mwenyekiti Ibrahimu alisimama akiwa na yai mkononi. "Kumbe mbao!" akasema. "Mimi darasa la pili nilikwenda nyumbani nikajipiga masikio mpaka yakavimba, nitoe mayai mama akauze!" Watu walianguka chini. Mimi mwenyewe nilicheka, ilikuwa kweli inachekesha. Ndipo mtu akapiga kelele, "Tapeli!" Na wengine wakaitika.

Wiki zile za uchawi walinirushia mawe, sikatai, lakini nikipita njiani walinipisha. Sasa vijana wananipigia makofi nikienda bombani. Mwalimu mkuu amesema nisije tena shuleni, watoto washajua kila kitu.

Likabaki sanduku. Nikasema hili sitaeleza, siri yake si yangu peke yangu. Unajua ni ya nani mwingine. Basi wakasema, ahaa, huo ndio uchawi wenyewe, vingine vilikuwa vya kutuzuga. Kwa hiyo sasa mimi ni vyote viwili.

Baba yako usimlaumu sana. Ile hoja ya kueleza ni yeye aliyeitoa siku ya mkutano, kwa nia njema. Alitofautisha yale maneno vizuri hata mimi nilimpigia makofi. Kinachoniuma ni kimoja tu. Jumamosi alikaa mbele kabisa, kwenye kiti chake, na barua yako ya kuomba azuie alikuwa nayo mfukoni, maana aliniambia kabla hatujaanza. Akasema, "Munira anahofu bure." Nilipofika kwenye sanduku nikanyamaza, yeye ndiye aliyesema, mbele ya wote, "Endelea, Hasani. Na sanduku."

Nilimtazama, akainamisha macho.

Nakuomba mwanangu usiseme. Hata wakikufuata huko. Nimewapa vyote, hiki kimoja niachie.

Ni mimi,
Hasani


Nkuhungu,
Dodoma.
21 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Hukuniandikia kwamba hoja ilikuwa yako. Nimeambiwa na mtu mwingine, na usijisumbue kuuliza ni nani.

Nilikuwa darasa la tatu. Mzee Hasani aliniingiza sandukuni mbele ya shule nzima, akafunga, akafungua, sikuwamo, nikatokea nyuma yako, kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Kila mtu alipiga makofi isipokuwa wewe. Nyumbani ukaniuliza nilipita wapi. Nikasema nimeahidi kutosema. Ukauliza tena, ukiwa na bakora. Mama alisimama mlangoni akakuomba uniache. Ulisema unaniadhibu kwa kiburi. Hakikuwa kiburi. Ulitaka kujua, na mtoto wako alijua na wewe hukujua.

Kwa hiyo usiniambie kwamba ulitaka kumwokoa. Ungetaka kumwokoa ungekaa nyumbani Jumamosi ile. Ulibeba kiti. Na hata hiyo filamu hukuichukia kwa sababu iliitoa siri. Uliichukia kwa sababu iliwaambia watu wote. Ingekunong'oneza wewe peke yako ungeipenda.

Sanduku lilivyofanya kazi najua. Nikisema, labda watamwacha. Ameomba nisiseme, na mimi nikiahidi huwa sisemi; bakora yako ni shahidi. Umetuwekea kitu ambacho tukikitoa tunammaliza na tukikificha anafukuzwa. Ukitaka kujua mchawi hufanya nini, ni hicho.

Nina chumba cha pili hapa. Mwambie Mzee Hasani aje akae. Wewe usije.

Munira


Chemchemi ya Juu,
Kondoa.
4 Agosti 2025

Mwanangu Munira,

Uliyoandika kuhusu bakora ni kweli. Nilitaka kujua. Bado nataka kujua, na sikuombi uniambie.

Habari ya chumba nilimfikishia Hasani. Anashukuru, amekataa. Anasema mzee hawezi kwenda kulala nyumbani kwa binti asiyeolewa, watu wakapata neno la tatu la kumwita. Kama ni kuondoka atakwenda Hombolo kwa mtoto wa dada yake, akalinde zabibu zisiliwe na ndege. "Koti ninalo," alisema. "Ndege hawajaiona filamu."

Jumamosi kijiji kilikutana tena. Wamekubaliana aondoke kabla mwezi haujaisha. Nilisimama nikasema kwamba aliyeshindwa kueleza mchezo mmoja kati ya yote hajathibitika kuwa mchawi. Mwantum akanijibu akiwa ameketi, "Mwalimu, si wewe uliyesema 'hata mmoja'?" Ni mimi niliyesema. Niliketi.

Kijiji hakina mamlaka ya kumfukuza mtu, na Ibrahimu anajua. Kwa hiyo alikuja kwangu jana na karatasi yenye mhuri, kwa kuwa barua zote za kijiji kwenda wilayani huziandika mimi. Alitaka sentensi moja: Mzee Hasani anahama kijiji hiki kwenda Hombolo. Nikaandika: Mzee Hasani anahamishwa kijiji hiki kwenda Hombolo. Akaisoma kwa kidole, polepole, kama nilivyomfundisha.

"Mwalimu, hizi herufi nne za katikati zitoe."

"Zikitoka, Ibrahimu, mtenda anabadilika."

"Ndivyo tunavyotaka, Mwalimu. Abadilike." Akacheka kidogo. "Wilayani wakiona 'anahamishwa' watakuja na gari. Watauliza nani anamhamisha. Tutasema kijiji. Watauliza nani alitoa hoja. Hapo tutafanyaje, Mwalimu wetu?"

Akanywa chai yake yote. Mlangoni akageuka, akanitazama usoni kwa upole kabisa.

"Macho yako siku hizi mekundu, Mwalimu. Ni moshi?"

Nikamwambia ni moshi. Ninaishi peke yangu, Munira, ni mzee, na mtu wa pekee aliyekuwa akikaa nami barazani ni huyo wanayemwondoa. Nilimwelewa vizuri: kwa macho kama hayo wazee huitwa wachawi.

Hasani naye alipita alasiri. Karatasi ilikuwa mezani, akaisoma bila kuishika. Akasema, "Andika ninahama, Mwalimu. Bati lako ni jembamba kuliko langu." Nilimwambia kwamba hilo lingekuwa uongo. Akasema, "Basi andika uongo, mara moja tu, uone unavyokaa mkononi." Sikujua kama ananihurumia au ananicheka, na sikustahili kumuuliza. Alikwenda kufunga vitu vyake. Sanduku amelipasua kuni.

Ibrahimu ataifuata barua Ijumaa baada ya sala. Nimeandika nakala mbili, zote safi, hazitofautiani ila kwa herufi hizo nne. Nikimpa moja, gari la wilaya huenda likaja, Hasani huenda akabaki, nami nitakuwa wa kufuata. Nikimpa nyingine, yeye atakuwa Hombolo, nami nitabaki hapa na majirani wanaoniamkia. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba sentensi ina jibu moja sahihi, na jibu la hii ninalijua. Kulijua hakujanisaidia tangu jana.

Nitakuandikia nikishaamua.

Baba yako,
Khalidi Ibrahimu